Bibi Asiye na Shamba: Jane Austen na Ndugu Zake

Msomaji aliyepata kukisoma kitabu cha Kiingereza kiitwacho Pride and Prejudice atakumbuka kwamba chanzo cha taabu yote iliyomo ni shamba. Bwana Bennet ana mabinti watano, wala hana mtoto mwanamume. Na kwa masharti yaliyowekwa na wazee wake, shamba halina budi kurithiwa na mwanamume wa ukoo. Siku bwana huyo atakapofumba macho, mkewe na binti zake hawana nyumba tena, na jamaa wa mbali atakuja kukaa mahali pao. Watu wengi huisoma hadithi hiyo kwa ajili ya mapenzi, wakacheka, wakakifunga kitabu. Lakini mkulima, au karani aliyezoea kuandika hesabu za watu wengine, akiisoma kwa makini ataona ya kuwa mtungaji wake alikuwa mtu wa hesabu. Mara chache sana humleta mchumba katika hadithi bila kutuambia ana pauni ngapi kwa mwaka, na zatoka wapi.

Mambo hayo hakuyapata vitabuni. Aliyapata kwa jamaa zake mwenyewe, na habari za jamaa hao ndizo tutakazozieleza juma hili. Kwa maana wako wengi wanaomdhani Jane Austen kuwa bibi mpole aliyekaa dirishani akitunga, asiyejua shida za dunia. Sivyo hata kidogo.

Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1775 katika kijiji cha Steventon, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake, Bwana George Austen, alikuwa kasisi wa mtaa huo. Bwana huyo alifiwa na wazazi wake tangu utoto, wala hakurithi ardhi. Alisomeshwa kwa msaada wa ndugu ya baba yake, na kazi ya ukasisi aliipata kwa sababu jamaa yake mmoja tajiri, Thomas Knight, alikuwa mwenye ardhi ya Steventon. Na kwa desturi ya nchi ile wakati ule mwenye ardhi ndiye aliyechagua kasisi. Riziki yake ilitoka katika fungu la kumi lililotolewa na wakulima, na shamba alilokodi, na ada za wavulana aliowafundisha na kuwalaza nyumbani mwake. Mkewe, Bibi Cassandra Leigh, alitoka katika ukoo wenye majina makubwa, lakini hakuona haya kusimamia ng'ombe wa maziwa, kuku na bustani ya mboga.

Yafaa msomaji afahamu jambo moja hapa, kwani ndilo shina la mengi yatakayofuata. Nyumba ya kasisi haikuwa mali yake. Ilikuwa ya kazi. Fungu la kumi vilevile lilikuwa la kazi. Kasisi akifa, nyumba na mapato humwendea yule atakayeshika kazi baada yake, na mjane hutoka na vyombo vyake kwenda kutafuta pa kukaa. Karani anayekaa katika nyumba ya serikali hahitaji kuelezwa zaidi.

Watoto walikuwa wanane, wavulana sita na wasichana wawili, na Jane alikuwa wa saba. Mkubwa alikuwa James. Tutamwacha kidogo wa pili, maana habari zake zina mahali pake. Wa tatu alikuwa Edward, na huyu ndiye aliyebadili maisha ya nyumba nzima pasipo kufanya lolote ila kupendeza machoni pa watu.

Yule Thomas Knight mwenye ardhi alikuwa na mwana, naye aliitwa Thomas. Mwaka wa 1779 Thomas huyu mdogo alioa, akapita Steventon pamoja na bibi arusi wake, Catherine. Walimwona Edward, mtoto wa miaka kumi na miwili, wakamchukua waende naye safarini. Baadaye walimwita tena na tena kukaa kwao, na walipoona kwamba hawajaliwi mtoto wakaomba wapewe awe mwana wao. Husimuliwa katika ukoo ule kwamba baba alisitasita, kwa sababu mtoto angekosa masomo yake ya Kilatini, lakini mama akashauri aachwe aende. Mama huyo alikuwa na akili nyingi. Kwa neno lake moja Edward akawa mrithi wa mashamba makubwa ya Godmersham katika jimbo la Kent, na ya Steventon na Chawton katika Hampshire. Mwaka wa 1797 alikabidhiwa Godmersham, na mwaka wa 1812 alilitwaa jina la Knight kabisa, yeye na watoto wake. Binti yake mkubwa, Fanny, hakupendezwa na kubadilishwa jina, lakini majina hufuata ardhi.

Sasa turudi kwa mtoto wa pili. Aliitwa George kama baba yake, alizaliwa mwaka wa 1766, na tangu utoto alikuwa na ugonjwa wa kifafa, wala akili yake haikukua kama ya wenzake. Alipelekwa kulelewa na watu wengine katika kijiji cha Monk Sherborne, pamoja na ndugu mmoja wa mama yake aliyekuwa na hali kama hiyo. Ukoo ulilipa gharama zake miaka yote, naye aliishi hata mwaka wa 1838, akabaki hai baada ya baba, mama, James na Jane kufariki. Lakini katika zile barua za Jane zilizosalia, jina lake halionekani. Na mwana wa James alipotoa kitabu cha maisha ya shangazi yake, mwishoni mwa mwaka wa 1869, alimwita Edward ndugu wa pili, kana kwamba George hakuzaliwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha namna ukoo ule ulivyozishika siri zake: walilipa, wakanyamaza.

Wavulana waliosalia walikuwa Henry, Francis na Charles. Francis na Charles walitiwa katika chuo cha mabaharia wakiwa wadogo, wakatumika katika manowari wakati wa vita na Wafaransa. Francis alipanda hata akafika cheo cha juu kabisa cha jeshi la bahari mwaka wa 1863, akafa miaka miwili baadaye akiwa na umri wa miaka 91. Charles alikufa mwaka wa 1852 katika vita vya Burma. Mwaka wa 1801 Charles alipata fungu lake la fedha za nyara, akawanunulia dada zake misalaba miwili midogo ya kito cha rangi ya manjano na mikufu ya dhahabu. Jane alinung'unika kwa mzaha kwamba ndugu yao anapoteza fedha zake. Lakini katika kitabu chake Mansfield Park tunamkuta baharia kijana anayempa dada yake msalaba.

Kwa wasichana wawili, Cassandra na Jane, mambo yalikuwa mengine. Wavulana wa nyumba isiyo na shamba waliweza kwenda chuo kikuu, kanisani, baharini au benki. Msichana wa nyumba hiyo hiyo alikuwa na mlango mmoja, nao ni ndoa. Na kama si ndoa, kwenda kufundisha watoto wa matajiri kwa mshahara haba, akila mezani pa watu wasiojua kama yeye ni mgeni au mtumishi. Cassandra aliposwa na kijana kasisi, Tom Fowle. Kijana huyo hakuwa na mapato ya kutosha kuoa, akafuatana na jeshi kwenda visiwa vya West Indies, akafa huko kwa homa ya manjano mwaka wa 1797. Alimwachia mchumba wake pauni 1,000. Cassandra hakuolewa tena.

Jane naye aliposwa. Mwezi wa Desemba 1802 alikuwa mgeni katika nyumba ya Manydown, na mwana wa nyumba hiyo, Harris Bigg-Wither, kijana wa miaka 21 aliyekuwa mrithi wa shamba kubwa, alimwomba amwoe. Jane alikuwa karibu kutimiza miaka 27. Alikubali jioni. Asubuhi alikataa, akaomba gari, akaondoka pamoja na dada yake. Fikiri, msomaji, usiku ule ulikuwaje. Kwa neno moja angaliwapatia makao mama yake na dada yake maisha yao yote, na tena karibu na kijiji walichozaliwa. Wasiomjua humsifu kwa urahisi kwamba alifuata moyo wake. Sisi twaona kwamba alijua thamani ya alichokikataa hata senti ya mwisho, na ndiyo sababu wanawake katika vitabu vyake hawasemi juu ya ndoa kama watoto.

Wakati huo walikuwa wamekwisha kutoka Steventon. Mwaka wa 1801 baba alimwachia James kazi ya mtaa, akahamia mji wa Bath pamoja na mke na mabinti. James aliingia nyumbani na mkewe. Vitabu vya baba, zaidi ya 500, viliuzwa, na kinanda cha Jane pia. Baba alitumaini kuwa na karibu pauni 600 kwa mwaka. Zilitosha maadamu yu hai.

Alifariki Bath tarehe 21 Januari 1805.

Hapo ndipo ndugu walipopimwa. Mama na Cassandra walikuwa na pauni 210 kwa mwaka kwa jumla, zikiwamo faida za ile mali ya marehemu mchumba. Jane hakuwa na chochote chake mwenyewe. James akaahidi pauni 50 kila mwaka, na Henry 50. Francis, ambaye alikuwa bado hajatajirika wala hajaoa, akataka kutoa 100, lakini mama akakubali 50 tu. Edward mwenye mashamba alitarajiwa kutoa 100. Zilipojumlishwa zote zilizidi pauni 450, na Henry akaandika kwa furaha kwamba mama yao atakaa raha mustarehe. Huenda alisema kweli. Lakini yeye hakuwa ndiye atakayengoja fedha hizo kila mwaka.

Katika kitabu chake cha kwanza kutolewa, Sense and Sensibility, kuna sura ambayo kila mtu mwenye dada yapasa aisome. Mzee Dashwood yu kitandani akifa, na mali yote yamwendea mwanawe wa kwanza, John. Baba amwomba mwanawe awaangalie mama yake wa kambo na dada zake. John aahidi; na moyoni mwake akata shauri kuwapa dada zake pauni 3,000. Kisha mkewe aanza kusema naye. Je, si kuwadhulumu watoto wetu? Basi 1,500 zatosha. Baadaye labda pauni 100 kwa mwaka kwa mama. Lakini wajane wenye malipo ya kila mwaka hawafi upesi! Basi pauni 50 mara moja moja. Hata mwisho wa mazungumzo, wote wawili wameridhika kabisa kwamba marehemu hakukusudia fedha hata kidogo, ila kuwasaidia kuhamisha vyombo na kuwaletea samaki na nyama ya mawindo wakati wake. Hakuna aliyegombana. Hakuna aliyesema neno baya. Sijapata kusoma mahali pengine ambapo uchoyo umeonyeshwa kwa upole namna hiyo.

Hatusemi kwamba John Dashwood ni James Austen au ni Edward. Hadithi hiyo ilianza kuandikwa miaka kumi hivi kabla ya baba kufariki, na ndugu wa Jane walitoa fedha kwelikweli. Hata hivyo aliitengeneza tena baada ya kifo hicho, kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa, na sura ile akaiacha mahali pake.

Kwa muda wa miaka minne bibi hao watatu, pamoja na rafiki yao Martha Lloyd, walihama huku na huku. Kwanza vyumba vya kupanga katika Bath, kila mara vya bei ndogo zaidi. Kisha kwa Francis katika Southampton, kukaa na mkewe kijana wakati mume yu baharini. Mara kwa mara Cassandra au Jane aliitwa Godmersham, hasa Edward alipopata mtoto mwingine, na watoto walikuja karibu kila mwaka. Huko Jane aliketi katika maktaba kubwa, akala vyakula vizuri, akahesabu fedha za kuwapa watumishi. Hakuwa na gari. Ilimlazimu kungoja hata mmoja wa ndugu zake wa kiume apate nafasi ya kumrudisha kwao. Mpwa wake Fanny, binti wa Edward, alimpenda sana, na Jane naye alimhesabu karibu sawa na dada. Ni jambo la kusikitisha kwamba Fanny huyo huyo, alipokuwa bibi mkubwa wa miaka 76, mwaka wa 1869, alimwandikia mdogo wake kuwa shangazi yao hakuwa na adabu za kiungwana zilizompasa, na kwamba asingalifika hata pale alipofika bila kukaa na watu wa Godmersham.

Kwa nini Edward, mwenye nyumba nyingi, alikawia miaka minne? Baadhi ya walioandika maisha yao humtwika lawama mkewe, Elizabeth. Kwa hakika bibi huyo alifariki mwezi wa Oktoba 1808, siku chache baada ya kuzaa mtoto wa kumi na mmoja, na kabla ya mwezi kwisha Edward alikuwa amekwisha mwambia mama yake achague nyumba moja katika mbili, ama karibu na Godmersham ama katika Chawton. Lakini ni haki kusema pia kwamba ile nyumba ya Chawton ilikuwa ikikaliwa na msimamizi wa shamba, naye alifariki mwaka huo huo. Tena mtu aliyefiwa na mke, mwenye watoto kumi na mmoja, huwakumbuka mama na dada kwa namna ambayo pengine hakuwakumbuka alipokuwa na raha. Sisi hatumhukumu. Ila twahesabu miaka.

Walihamia Chawton mwezi wa Julai 1809. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, kando ya barabara kuu, na zamani ilikuwa nyumba ya wageni. Edward aliziba dirisha kubwa lililoelekea barabarani, akafungua jingine upande wa bustani, ili wapita njia wasiwatazame wakila. Kodi hawakutozwa, na kuni walipewa. Mama, aliyekuwa karibu kutimiza miaka 70, alivaa joho la kijani kama kibarua akachimba viazi vyake mwenyewe, na wajukuu walimkumbuka hivyo. Kazi za nyumba ziligawanywa. Jane alipiga kinanda asubuhi, akatayarisha chakula cha saa tatu, akashika funguo za chai na sukari. Kazi nyingine zote zilisimamiwa na Cassandra na Martha. Jambo hili laonekana dogo, lakini lipime na matunda yake. Katika miaka minane ya mwanzo ya maisha yake ya kuhamahama na huzuni hakumaliza kitabu kipya hata kimoja. Na katika miaka minane ya Chawton alitengeneza vitatu vya zamani na kuandika vitatu vipya. Nyumba aliitoa Edward. Muda aliutoa Cassandra.

Nje ya nyumba aliyemsaidia ni Henry, mcheshi, mpenda watu, afisa wa jeshi kwanza, kisha mwenye benki katika London. Mwaka wa 1797 alikuwa amemwoa binamu yao Eliza, aliyezaliwa Calcutta, na ambaye mume wake wa kwanza alikatwa kichwa huko Ufaransa mwaka wa 1794. Henry ndiye aliyesema na wapiga chapa. Sense and Sensibility ilitoka mwaka wa 1811 kwa hatari ya mtungaji mwenyewe, bila jina lake, ikampatia pauni 140. Pride and Prejudice aliiuza moja kwa moja kwa pauni 110, ikatoka mwaka wa 1813, na faida iliyozidi hapo ikawa ya mnunuzi. Henry pia ndiye aliyeitoa siri ya jina lake, kwa kuwa kila aliposikia vitabu vikisifiwa alishindwa kunyamaza.

Kiko kitabu kingine alichokuwa amekiuza mwaka wa 1803 kwa pauni 10, na mnunuzi akakificha kabatini. Mwaka wa 1816 Henry alimrudishia mtu yule pauni 10, akakipokea, na alipokwisha kukishika mkononi ndipo akamwambia kwamba mtungaji wake ndiye aliyeandika Pride and Prejudice. Kitabu hicho ndicho Northanger Abbey. (Mwaka wa 2017 Benki Kuu ya Uingereza ilitia sura ya Bibi Jane katika noti yake ya pauni 10.)

Fedha zote alizopata kwa vitabu maisha yake yote hazikufika pauni 700. Pauni 600 aliziweka katika hisa za serikali zilizoleta pauni tano kwa mia, yaani pauni 30 kwa mwaka. Ndiyo mali ya kwanza aliyoweza kuiita yake, naye alikuwa amepita miaka 35.

Kisha benki ikaanguka. Vita vilipokwisha mwaka wa 1815 bei za mazao zilishuka, benki ndogo za mashambani zikafungwa, na mkopo mkubwa ambao Henry alimpa Lord Moira haukulipwa. Mwezi wa Machi 1816 Henry alitangazwa muflisi. Zaidi ya benki alikuwa pia mpokeaji mkuu wa kodi za serikali katika Oxfordshire, na kwa kazi hiyo watu wawili walikuwa wamemtilia dhamana: Edward pauni 20,000, na mjomba wao, James Leigh-Perrot, pauni 10,000. Wote wawili walilipa. Msomaji aliyepata kutia sahihi yake katika karatasi ya ndugu, akidhani ni jambo la desturi tu, na atulie hapa kidogo. Wakati huo huo Edward alikuwa mahakamani, akishitakiwa na jirani waliodai mashamba yake ya Chawton, na nyumba ya mama yake na dada zake ilikuwa ndani ya madai hayo. Francis naye hakuweza tena kutoa zile pauni 50 za kila mwaka, wala Henry. Jane alianza kuugua mwaka huo.

Lilibaki tumaini moja, nalo ni mjomba huyo huyo. Alikuwa ndugu wa mama yao, tajiri, asiye na watoto, na jamaa wote walimtegemea. Mkewe, mkaza mjomba wao, alikuwa mwanamke mgumu aliyepata msiba wa ajabu: mwaka wa 1799 alishitakiwa katika Bath kwamba ameiba lesi nyeupe dukani, yenye thamani ya shilingi 20. Kwa sheria ya siku zile angaliweza kunyongwa, au kupelekwa Australia miaka kumi na minne. Alikaa miezi saba chini ya ulinzi katika nyumba ya mlinzi wa gereza, na mumewe akakaa pamoja naye, mpaka baraza la mahakama lilipomwona hana hatia mwezi wa Machi 1800. Bibi Austen alijitolea kumpelekea binti zake wakae naye kifungoni, naye akakataa. Habari hizi pia hazimo katika kile kitabu cha mpwa wao.

Mjomba alifariki tarehe 28 Machi 1817. Wosia ulipofunguliwa, ilionekana ameacha mali yote kwa mkewe maisha yake, na fungu kubwa limwendee James na warithi wake baadaye. Na watoto wengine wa Bibi Austen wangepata pauni 1,000 kila mmoja, lakini wale tu watakaokuwa hai mjane atakapokufa. Dada yake mwenyewe hakumwachia kitu. Jane alikuwa kitandani. Alimwandikia Charles kwamba pigo la wosia huo lilimrudishia ugonjwa, hata akamwomba Cassandra aje nyumbani upesi. Akaongeza kwamba mama yao amelipokea jambo hilo kwa uvumilivu. Mjane yule aliishi hata mwaka wa 1836.

Majuma matatu baada ya barua hiyo, tarehe 27 Aprili, Jane aliandika wosia wake mwenyewe, mfupi, bila mwanasheria wala mashahidi. Alimwachia Henry pauni 50, ingawa Henry ndiye aliyefilisika. Alimwachia pauni 50 Madame Bigeon, mama mzee Mfaransa aliyewatumikia Henry na Eliza. Vingine vyote vilikuwa vya Cassandra. Alifariki Winchester tarehe 18 Julai 1817, mikononi mwa dada yake, akiwa na umri wa miaka 41. Siku ya maziko Edward, Henry na Francis walifuata jeneza hadi kanisa kuu, pamoja na kijana wa James. Wanawake hawakwenda makaburini kwa desturi ya wakati ule, na Cassandra alitazama dirishani mpaka walipokata kona. Jiwe la kaburi lilitaja sifa za tabia yake na akili zake, vitabu halikuvitaja.

Cassandra alibaki Chawton. Alimwuguza mama yao hata alipofariki mwaka wa 1827. Mwaka uliofuata Martha Lloyd, aliyekuwa amepita miaka 60, akaolewa na Francis, ambaye alikuwa mjane wa kiume, akaondoka naye pia. Cassandra akawa peke yake na sanduku la barua. Miaka michache kabla ya kufa alizisoma tena, akachoma nyingi, na nyingine akazikata vipande vya maneno kwa mkasi. Zilizosalia leo ni kama 160.

Alifariki mwaka wa 1845. Nyumba ikarudi mikononi mwa mwenye shamba, ikagawanywa, wakakaa vibarua.